Mlio Kifuani mwa Joy

Jumapili, 2 Machi 2025

Mjukuu wangu Joy ameingia kanisani leo kwa mara ya kwanza tangu afunguliwe kifua. Nimeamua kuyaandika yatakayompata hadi mvua za masika zipite, kwa sababu mtoto huyu amerudishwa kwetu akiwa na kitu cha kiwandani ndani ya moyo, nami si mtu wa kukiamini upesi kitu nisichoweza kukiona.

Ana miaka kumi na saba. Maumivu ya koo ya utotoni yaligeuka homa ya viungo, na homa hiyo ikaharibu mlango mmojawapo wa moyo. Mwezi wa Januari madaktari wa Nairobi waliutoa mlango huo, wakaweka mwingine wa kutengenezwa. Mlango huo mpya hulia kila unapofunga, kama saa ya mkononi iliyolazwa juu ya sahani.

Katika ibada zetu sisi wa Kanisa la Marafiki kuna kipindi cha kunyamaza mbele za Mungu. Leo, katika ukimya huo, mlio wa Joy ulifika hadi mabenchi ya nyuma. Mzee Wanyonyi, karani wa kanisa, alifumbua jicho moja, akatazama ukutani, kisha akatazama mkono wa jirani yake. Tulipotoka akaniuliza, "Mzee Hesbon, ni nani huyo anakuja na saa ndani ya maombi?"

Joy akamjibu mwenyewe, akimwita babu kwa lugha yetu. "Ni mimi, Kuka. Lakini haina kengele. Mkisikia kengele, kimbieni."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nasikiliza.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kali. Udongo wa hapa Sirisia umekuwa mgumu kama tofali. Hakuna mboga sokoni ila kabichi zilizonyauka.

Jumamosi, 8 Machi

Kui, mke wa mwanangu Job na mama yake Joy, anaishi na mtoto katika nyumba iliyo upande wa pili wa ua wangu. Job yuko bandarini Mombasa, huja Desemba. Kui ni binti wa jamii iliyotoka Nyeri ikanunua shamba karibu na Kitale. Alipoolewa kwetu alifundishwa kwamba mke wa mwana hazungumzi ana kwa ana na baba mkwe juu ya mambo ya mwili wala ya chakula. Maneno ya namna hiyo hupitia kwa dada yangu Nanyama, mjane anayenipikia. Kui ameishika desturi hiyo kuliko mabinti zetu wenyewe. Kwa hiyo, katika miaka yote hii, sijapata kujua anafikiri nini.

Leo, nikipita karibu na jiko lake, nilimwona akikata kidonge kwa kisu. Ni kile kidonge kinachozuia damu ya Joy isigande juu ya ule mlango wa moyo. Nusu alimpa mtoto. Nusu nyingine aliifunga katika karatasi na kuitia mfukoni.

Nilimuuliza Nanyama kama ana habari.

"Mimi niulize nini huyo?" alisema. "Hata kula anamtenga mtoto. Anampikia kwa sufuria yake ndogo, anampimia mboga na kikombe. Na kikombe! Kama mtu anapima mafuta ya taa."

"Anasema sababu gani?"

"Ati daktari. Kila kitu ni ati daktari."

Jumatano, 12 Machi

Redio imetangaza habari za mtu wa ng'ambo aliyepandikizwa moyo wa nguruwe. Mtangazaji alisema hayo kwa furaha, kama anayesoma matokeo ya mpira. Nilizima.

Jumanne, 18 Machi

Tumekwenda Kitale, kliniki ya moyo katika hospitali ya misheni. Niliambatana nao kwa kusudi la kuona kwa macho yangu. Daktari Viola, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimchoma Joy kidole, akaweka tone la damu katika chombo kidogo, akasoma tarakimu.

"Vizuri sana. Damu haijawa nzito wala nyepesi," alimwambia Kui. "Endeleeni hivyohivyo. Vidonge vile vile, chakula kile kile."

Kisha akachukua damu nyingine, ya mshipani, akaitia katika kichupa. Nikauliza inakwenda wapi.

"Maabara, mzee. Na sehemu ndogo, mama yake akikubali, itatumika katika utafiti. Tunafuatilia watu wenye milango ya moyo ya kutengenezwa huku mashambani."

"Mtafuatilia hadi lini?"

"Hadi tujue nini kinawaumiza na nini kinawasaidia."

Jibu hilo ni zuri mno. Nimefundisha vijana wa kanisa miaka mingi, nami najua kwamba jibu lisilo na ufa aghalabu limeandaliwa mapema. Kui alitia sahihi bila kuuliza chochote.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Imepiga mabati tangu alasiri. Mungu ashukuriwe.

Jumapili, 30 Machi

Tumepanda mahindi. Mboga zimechipuka zenyewe kandokando ya shamba: managu, saga, murenda, na majani ya kunde nayo yako njiani. Akina mama wa kanisa wamekuja kumwona Joy, kila mmoja na furushi lake. Hapa kwetu aliyepasuliwa huletewa mboga za kienyeji ili aongeze damu, na hakuna anayepita mikono mitupu.

Kui alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Jioni nikaona mafurushi yote yako mlangoni kwa Nanyama.

"Unaona dharau?" Nanyama alisema. "Mboga ya watu inarudishwa. Mtoto amekonda hivi, shingo kama ya bata, na mama yake anampa viazi na vijiko viwili vya mboga. Hao watu wa Kitale hawajui murenda, wanaona ni makamasi."

Nilimwita Joy nikamuuliza kama anashiba.

"Nashiba, Kuka. Lakini harufu ya saga ya Kukhu Nanyama ikipita kwa dirisha, aki, naweza lia."

Neno hilo la mtoto limenikaa rohoni.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeamua. Nimemtuma Nanyama amwambie Kui arudi kwenye cherehani yake Kitale, kwa kuwa wateja hawatamngoja mwaka mzima, na kwamba Joy atakula mezani kwangu. Dawa zake Joy atazimeza mwenyewe, kwa kipimo kilichoandikwa. Si mtoto mdogo.

Nanyama alirudi akifuta mikono kwa leso. "Amekubali."

"Hakusema neno?"

"Alisema mboga iwe kidogo, kama alivyozoea. Nikamwambia hapa kwa Mzee Hesbon hakuna mtu analala njaa."

Kui aliondoka saa nne, mvua ikinyesha. Alipopita mbele ya baraza langu alisimama kana kwamba atasema kitu. Kisha akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda. Nilijiuliza ni kitu gani amekificha. Asiyeficha kitu husema.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Joy alikula ugali na managu, akaongeza. Uso umeanza kujaa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Saga kwa maziwa. Joy anasema hajawahi kula hivi tangu Januari. Nanyama anatembea kama aliyeshinda kesi.

Jumanne, 15 Aprili

Ilikuwa siku ya kliniki. Barabara imekuwa tope tupu, nami nikaona kwamba damu ya mtoto huyu imechukuliwa vya kutosha kwa sasa. Nikamtumia Kui ujumbe kwamba tutakwenda baada ya Pasaka. Akapiga simu kwa Nanyama, si kwangu. Walizungumza kwa muda mrefu. Nanyama aliponiletea maneno yalikuwa machache: "Analalamika tu."

Nilimwonya dada yangu anieleze yote. Akaapa kwamba ndiyo yote. Kwa mara ya kwanza nilimtazama Nanyama jinsi ninavyomtazama Kui.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Ninaandika haya nikiwa na furaha, ingawa kuna kitu ndani yangu kinachokataa kuketi.

Kanisa lilijaa. Kilipofika kipindi cha ukimya, nilisikiliza kama kawaida yangu. Nilisikia mvua. Nilisikia mtoto akinyonya. Mlio wa Joy sikuusikia. Nilidhani ni masikio yangu ya uzeeni, nikageuka nikamtazama Mzee Wanyonyi. Naye alikuwa ameinua shingo, akisikiliza. Baada ya maombi alisimama akasema mbele ya watu wote, "Ndugu, ile saa imenyamaza. Moyo umekuwa wake sasa. Bwana amelimeza lile jambo la kiwandani."

Nanyama alipiga vigelegele. Wimbo ukaanza ambao hakuna aliyeuanzisha. Walimzunguka Joy, wakamshika mikono, naye akatabasamu, lakini baada ya ubeti mmoja aliketi.

"Umechoka?" nilimuuliza.

"Kidogo tu, Kuka. Si ni joto ya watu."

Hapakuwa na joto. Nilikuwa nimevaa koti.

Jumatatu, 21 Aprili

Kui amekuja leo alasiri, viatu mkononi, matope hadi magotini. Habari za kunyamaza kwa mlio alizipata kwa simu kutoka kwa Joy mwenyewe, aliyemweleza kama habari njema. Hakusalimia mtu. Aliingia ndani, akamlaza mtoto kwenye kochi langu, akatega sikio kifuani pake. Kisha akaja barazani, akasimama mbele yangu, akanitazama machoni.

"Baba, sauti imepotea."

Nilisema kwamba kanisa zima limeona hivyo, na tumeshukuru.

"Hapana, Baba. Hiyo sauti ikipotea ni mlango haufungi vizuri. Daktari alituambia Nairobi, nisikilize kila siku. Nilikuwa nasikiliza kila siku. Nataka kumpeleka Kitale sasa hivi."

Namna alivyosimama ilinichukiza. Nilimwona mtu aliyengoja siku zote hizi apate sababu ya kumchukua mjukuu wangu na kumpeleka kwa watu wa kwao. Nilimwambia kwamba gari haliwezi kupita na jua liko karibu kuzama, kwamba mtoto amekula vizuri na hana homa, na kwamba tutakwenda kesho, mimi nikiwepo.

"Kesho, Baba?"

"Kesho."

Nanyama aliingilia kati. "We msichana, unaongea na mzee hivyo umesimama kama askari? Kwenu ni hivyo?"

Kui alirudi ndani, akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea kochi alilolala binti yake.

Jumanne, 22 Aprili

Kulipopambazuka Joy alikuwa akipumua kama aliyekimbia kupanda mlima. Hakuweza kulala chali. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Niliita jina lake, akainua kidole kimoja kunionyesha kwamba amesikia.

Jirani alitoa gari lake. Lilikwama katika matope mara kadhaa, na Kui ndiye aliyeshuka kusukuma pamoja na wanaume, huku mimi nikimshikilia mtoto aketi wima. Niliomba, lakini maombi yangu yalirudi kwenye neno moja tu, lile nililolisema jana barazani.

Hospitalini Daktari Viola alimchunguza kwa mashine ya picha. Nilionyeshwa. Ule mlango una vipande viwili vinavyopaswa kufunguka kama mabawa. Kimoja kilifunguka. Kingine kilikuwa kimekwama, na juu yake kuna kivuli.

"Hilo ni donge la damu," daktari alisema. "Damu yake imekuwa nzito kuliko inavyotakiwa. Vidonge alikuwa anameza?"

"Kila siku," Joy alinong'ona chini ya barakoa ya hewa.

"Kidonge kimoja na nusu?"

"Ndiyo."

Kimoja na nusu. Nilikumbuka kisu na karatasi. Ile nusu ilikuwa ya kesho yake.

"Basi kimebadilika nini?" daktari aliuliza. "Mwezi uliopita damu ilikuwa sawa kabisa. Amekula nini tangu mvua ianze?"

Kui alitazama sakafu. Alikuwa na haki ya kujibu, naye hakujibu. Nilielewa kwamba ananiachia mimi.

"Mboga," nilisema. "Managu, saga, murenda, kunde. Mchana na jioni. Mezani kwangu."

Daktari hakunikaripia, na ingekuwa nafuu kama angenikaripia. Alieleza kwamba ndani ya majani ya kijani mna kitu kinachogandisha damu, na kazi ya kidonge ni kukipinga. Kipimo cha kidonge kiliwekwa wakati wa kiangazi, mtoto akila mboga kidogo. Mboga si sumu, akasema. Angeweza kula hata nyingi, mradi iwe kiasi kile kile kila siku na kidonge kipangwe kulingana nacho. "Nilimweleza mama yake yote haya."

"Nami nilimweleza senge Nanyama," Kui alisema. "Nilimweleza siku ya kwanza, na siku ile ya simu nikarudia. Nilidhani Baba amejua na amekataa."

Alidhani mimi nafahamu. Mimi nilidhani yeye anaficha. Na katikati yetu alikuwa Nanyama, ambaye kila neno alilolibeba alilipunguza uzito ili limfae mkononi.

Kisha likaja jambo kubwa. Daktari alisema zamani njia ilikuwa karibu moja: kufungua kifua tena. Kwa Joy, aliyefunguliwa juzijuzi na sasa akiwa dhaifu, hiyo ni hatari kubwa, na gari la kumpeleka Nairobi huenda lisifike kwa wakati. Lakini tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba dawa ya kuyeyusha donge, ikidondoshwa mshipani polepole sana kwa siku nzima na zaidi, huwafungulia wengi ule mlango bila kisu.

"Wengi," nilisema. "Na wengine?"

"Wengine haifanyi kazi. Na wachache damu huvuja ubongoni. Sitakuficha, mzee."

"Ni nani waliojaribiwa kwanza?"

"Wagonjwa kama yeye, waliokubali. Wasingekubali, leo nisingekuwa na la kukuambia."

Msimu mzima nimekuwa nikichimba ili nipate uongo chini ya maneno ya watu. Nilichimba hapo pia. Nilimtazama daktari yule usoni nikitafuta pa kushika, na nikakuta hofu iliyo sawa na yangu.

Kui alichukua kalamu. Hakunitazama. "Mimi ni mama yake," alisema. "Wekeni hiyo dawa."

Jumatano, 23 Aprili

Dawa inadondoka. Mimi niko upande mmoja wa kitanda, Kui upande wa pili. Kila mara muuguzi huja kumuuliza Joy jina lake na mahali alipo, ili ajue kama ubongo uko salama. Mchana Joy alichoka na maswali. "Naitwa Joy. Niko Kitale. Na huyo ni Kuka wangu, ananiangalia kama nimeiba kuku."

Kui alicheka, kisha akalia, vyote kwa pumzi moja.

Alhamisi, 24 Aprili

Picha ya leo: mabawa yote mawili yanafunguka. Bado kuna kivuli kidogo. Ameweza kulala chali.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda ibadani. Nimemwambia Nanyama yote, kwa utulivu. Alisema, "Mimi nilitaka tu mtoto anone." Najua ni kweli. Hata hivyo nilimwambia kwamba kuanzia leo maneno baina yangu na mke wa mwanangu hayatabebwa na mtu. Alinikumbusha desturi ya wazee. Nilimjibu kwamba mimi ni mmoja wao.

Jumatano, 7 Mei

Joy ameruhusiwa kutoka. Kui alikuja tulipokuwa tumeketi kwenye benchi la nje, akasema bila kuzungusha: "Baba, Joy hatarudi Sirisia. Atakaa kwa mama yangu hapa Kitale, karibu na kliniki. Job nimemwambia, amekubali. Nakuambia mwenyewe ili usisikie kwa mtu."

Mjukuu kulelewa upande wa mama, huku nyumba ya baba yake ingali imesimama, ni jambo ambalo baba yangu angeliitia kikao cha ukoo. Nilitafuta neno la kulizuia. Nililolipata lilikuwa "kesho", nikaliacha.

"Mchukue," nilisema.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua. Palizi ya kwanza. Managu yamefika kiunoni, hakuna wa kuyachuma.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda kumwona Joy nyumbani kwa Wamboi, mama yake Kui. Nilibeba mfuko wenye ndizi, viazi vitamu, na karanga zilizofungwa katika gazeti.

Kui alinipokea langoni. Alinisalimu kwa adabu zote, akaniuliza habari za safari, akaupokea mfuko. Lakini hakuondoka nao. Alichuchumaa palepale kwenye majani, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja. Aliinua chane la ndizi akatazama chini yake. Alivitenga viazi kwa mkono. Alilifungua gazeti, akazitawanya karanga, akaligeuza gazeti upande wa pili.

Joy aliita kutoka barazani, kwa sauti yenye pumzi tele, "Mama! Si umwache Kuka aingie, bana!"

"Ngoja," Kui alisema, bila kuinua kichwa.

Nilisimama, kofia mkononi. Nililijua jicho lile. Nimelitumia msimu mzima. Wamboi alitoka mlangoni, akaona, akaona haya kwa niaba yangu, akarudi ndani.

Mfuko ulipokwisha kuwa mtupu, Kui aliugeuza juu chini akaung'uta, akitazama kama kuna jani la mboga litakalodondoka. Hakikudondoka kitu. Akaurudisha mkononi mwangu, akasogea pembeni kunipa njia.

"Karibu, Baba," alisema. "Anakungoja."